Moto, Taa na Haki ya Jirani

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Tunamshukuru, tunamtaka msaada na tunamwomba maghufira. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nanyi ndugu mnaotusikiliza majumbani, tunajiusia sisi wenyewe kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Bibi Aisha (r.a.) alimhadithia Urwa, mwana wa dada yake, kwamba ulikuwa ukiandama mwezi, kisha mwezi, kisha mwezi, miandamo mitatu katika muda wa miezi miwili, na moto haukuwashwa katika nyumba za Mtume (s.a.w.). Urwa akamwuliza walikuwa wakiishi kwa kitu gani. Akamjibu kuwa kwa tende na maji, isipokuwa walikuwako majirani wa Kiansari wenye wanyama wa maziwa, nao wakimletea Mtume maziwa akawanywesha watu wake.

Hadithi hii ni sahihi, na sisi tumeisomesha miaka mingi kwa ajili ya kuonyesha jinsi Mtume alivyoipa dunia kisogo. Hayo ni kweli. Lakini leo tunapenda tuwatazame wale majirani. Nani aliwaambia kuwa moshi haupandi katika nyumba ile? Haikusimuliwa kwamba Mtume alipeleka mtu kwenda kuomba. Walijua kwa kuwa walikuwa majirani, na jirani wa zamani alijua jiko la mwenziwe limelala baridi kabla ya yeye mwenyewe kusema neno.

Katika miji yetu ya leo mambo yamegeuka. Nyumba iliyokosa moto haionekani upesi, kwani hapana anayetazama moshi, na wengi wetu tuna kuta na mageti. Mita ya LUKU nayo haigombi wala haileti mtu mlangoni na hati ya deni. Uniti zikiisha, taa huzima, na aliyezimikiwa hukaa kimya kwa haya. Zamani mwenye deni la umeme alijulikana mtaa mzima pale mafundi walipokuja kukata waya. Leo maskini hujikatia mwenyewe, na sisi tuliopo ukuta wa pili hatuna habari.

Na tusidhani kwamba sisi wenye vilemba tumesalimika na jambo hili. Tutakuhadithieni lililotupata katika msikiti wetu.

Umeme wa msikiti ulikuwa ukiisha upesi kuliko michango inavyoingia. Tukakaa, wazee wa kamati na sisi, tukaangalia hesabu, tukaamua mambo mawili matatu ya kubana matumizi. Moja lao lilikuwa kwamba taa ya nje, ile ya upande wa birika, izimwe saa nne ya usiku baada ya watu kutawanyika. Mhudumu akafanya kama alivyoamrishwa. Nasi tukaridhika, tukaona tumefuata Sunna kwa kuepuka israfu, na papo hapo tulikuwa tunachangisha zulia jipya.

Haikupita wiki mbili, mwalimu wetu wa chuoni akatujia akasema kuwa yuko kijana mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuwa akisomea mtihani wa kidato cha nne chini ya taa ile. Mama yake ni mjane, anauza vitumbua, na wamepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Miezi miwili hakuweza kutoa sehemu yake ya mchango wa umeme. Wapangaji wenzake wakapanda darini wakauchomoa waya wa chumba chake. Kijana alikuwa akikaa barazani petu tangu baada ya Isha mpaka usiku mkubwa, na tulipoizima taa akarudi nyumbani akakaa gizani.

Msikiti na nyumba ile vinatenganishwa na uchochoro usiotimiza hatua kumi. Sisi tumemsomesha mtoto yule Juzuu Amma, na ndani ya Juzuu hiyo imo Suratul Maun, ambamo Mwenyezi Mungu amewaahidi adhabu wale wanaosali huku wakighafilika na sala zao, wakafanya ria, na wakawanyima watu vitu vidogo vya kusaidiana. Ibn Masud (r.a.) alipoulizwa ni vitu gani hivyo, alitaja chungu, shoka na ndoo, navyo vyote ni vyombo vya jikoni na vya kuni. Tulikuwa tumemfundisha tafsiri hiyo kwa ulimi wetu.

Basi, ndugu zangu, ni ipi haki ya mtu katika moto?

Mtume (s.a.w.) amevitaja vitu vitatu ambavyo watu wana ushirika ndani yake, navyo ni maji, malisho na moto. Wanazuoni wameueleza moto huo kwa njia mbalimbali. Wako waliosema makusudio yake ni kuni za pori lisilo na mwenyewe. Na wako waliosema ni kwamba mtu akiwasha moto, haimjuzii kumzuia mwenziwe kupata mwanga wake au kuwashia taa yake kutoka katika ndimi zake, kwa sababu hilo halimpunguzii kitu. Ama kaa lenyewe ni mali yake, akitaka hutoa na akitaka hulizuia. Itazameni vyema tofauti hii. Taa ya nje ya msikiti yenye kuwaka kwa ajili ya njia haipungui kwa mtoto kusoma chini yake. Lakini uniti zilizomo katika mita ya jirani ni kama kaa la moto, zina mwenyewe, na kuzichukua pasipo ruhusa ni wizi.

Tunalisema hili wazi kwa sababu tumesikia watu wakijitetea kwamba kuchezea mita si dhambi, maana eti umeme ni mali ya serikali. Mali ya umma ni nzito zaidi, kwa kuwa wanaodhulumiwa ndani yake hawahesabiki, nawe siku ya kutaka radhi hutajua uanzie kwa nani. Yule mtumishi aliyeuawa kwa mshale katika safari ya kurudi Khaybar, watu walimpongeza kwa shahada, naye Mtume akawaambia kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa ilikuwa ikiwaka moto juu yake. Ilikuwa shuka moja tu.

Turudi kwenye nyumba zenye mita moja, kwani humo ndimo fitina inamozaliwa. Wapangaji sita wanagawanya gharama sawasawa, na mmoja ana friji, pasi na televisheni, hali mwingine ana taa moja na simu ya kuchaji. Huyu wa taa moja anamlipia yule wa friji kila mwezi, kisha akichelewa, ndiye anayekatiwa. Usawa wa namna hii si uadilifu. Na iko hesabu nyingine ambayo wengi hawaijui. Katika bei zilizoanza kutumika Tanzania Bara mwezi wa Aprili 2016, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alilipa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida alilipa shilingi 292, mbali na kodi na tozo. Chukueni mfano wa nyumba nne, kila moja inatumia uniti 40. Kila moja ikiwa na mita yake, inalipa shilingi 4,000, na zote pamoja shilingi 16,000. Zikikusanywa katika mita moja zinakuwa uniti 160 kwa bei ya 292, nazo ni shilingi 46,720. Yaani unafuu uliowekwa kwa ajili ya maskini unawapita maskini wenyewe, kwa sababu tu wamekaa pamoja. Enyi wenye nyumba, mnaochukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mjue kuwa kumwekea mpangaji mita yake ni hisani kubwa kuliko kumpa pishi ya mchele katika Ramadhani. Na asiyeweza hilo, basi na aweke zile mita ndogo za kugawia, kila mtu alipie alichokitumia.

Tumeulizwa mara nyingi: je, inafaa zaka kumlipia maskini umeme? Jibu ni kwamba Suratut Tawba imetaja mafungu manane ya wanaostahiki, na ndani yake wamo mafakiri, maskini na wenye madeni. Fakiri na maskini hupewa zaka mkononi, ikawa milki yao, kisha wao wenyewe ndio watakaojua kama watanunua umeme, au makaa, au dawa. Si haki yetu kuwasimamia kama watoto. Ama mwenye deni la halali aliloshindwa kulilipa, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamejuzisha alipwe mdai wake moja kwa moja, kwa idhini yake yeye mdaiwa. Yule mama wa vitumbua alikuwa na deni kwa wapangaji wenziwe, kwa hiyo mlango wake katika zaka ulikuwa wazi, nasi hatukuubisha. Lakini mkitaka kuwagawia watu majiko au taa, fanyeni kwa sadaka, kwani zaka ya fedha katika madhehebu yetu haigeuzwi kuwa vitu vingine.

Sasa tuseme kuhusu israfu, maana mtu hawezi kumsaidia jirani ikiwa nyumba yake mwenyewe inavuja. Mwenyezi Mungu amewasifu katika Suratul Furqan wale ambao wakitoa hawafanyi fujo wala ubakhili, wakawa katikati. Tumekwenda kwa fundi mmoja wa umeme, mtu wa safu ya kwanza, tukamwomba atufundishe, na haya ndiyo aliyotufundisha. Taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku, kwa mwezi hula uniti 9. Taa ya LED ya wati 9 yenye mwanga unaokaribiana nayo hula uniti moja na theluthi hivi. Nyumba yenye taa nne za zamani inateketeza uniti 36 kwa kazi ambayo ingefanywa na uniti zisizofika 6. Pasi ya wati 1,000 hula uniti nzima kwa saa, basi na zipigwe nguo za wiki kwa mara moja, si kanzu moja kila asubuhi. Friji isikae karibu na jiko wala penye jua, na mpira wa mlango wake ujaribiwe kwa kubana karatasi: ikivutika bila ya kushika, baridi inatoka usiku kucha na fedha inatoka nayo.

Na paa la mabati lisilo na dari linageuza chumba kuwa tanuri, kisha tunaendesha feni kupambana na joto tulilolijenga wenyewe. Wazee wetu wa pwani walijenga kuta nene za mawe na chokaa, vichochoro vyembamba vyenye kivuli, na makuti yaliyopumua. Hatusemi turudi huko. Lakini kulipaka bati rangi nyeupe, kufungua tundu la hewa juu ya ukuta na kupanda mti upande wa magharibi ni mambo yanayowezekana kwa mtu wa kawaida.

Kwa walio wengi, hata hivyo, mzigo mkubwa si taa. Ni chakula, na chakula kinapikwa kwa makaa. Kwa tanuri letu la udongo la kawaida, kilo moja ya makaa hutokana na kilo nane mpaka kumi za kuni. Kwa hiyo anayepoteza makaa jikoni anapoteza mti porini mara nyingi zaidi. Mwaka 1981 ulifanyika Nairobi mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya na jadidifu, na katika miaka iliyofuata mafundi wa Kenya wakaeneza jiko la bati lenye kikombe cha udongo wa kuchomwa ndani yake, umbo walilolichukua kutoka ndoo za kupikia za Thailand wakalitengeneza kwa hali zetu. Jiko hilo linaokoa theluthi ya makaa au zaidi. Leo linauzwa kila soko, na bado mtamkuta mtu anapikia jiko la bati tupu kwa kuwa lile zuri lina bei kubwa ya kuanzia. Hapo ndipo penye kazi ya upatu. Akina mama kumi wakitoa kidogo kidogo kila wiki, kila wiki mmoja wao anapata jiko, bila ya mkopo wala riba.

Maskini pia hununua makaa kwa kopo, na makopo yakihesabiwa, amelilipia gunia kwa bei ya juu kuliko tajiri aliyelinunua zima. Nyumba tano zikiungana zikanunua gunia na kugawana, faida inabaki kwao. Nanyi wafanya biashara, msijaze chenga chini ya gunia mkapamba juu kwa vipande vikubwa. Mtume alitia mkono wake katika lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta umajimaji uliofichwa chini, naye akamkana kila anayeghushi.

Maharage yalowekwe usiku. Chungu kifunikwe. Na wako wanaokichemsha chungu kisha wakakiweka katika kikapu kilichojazwa majani makavu au matambara, kikaiva chenyewe kwa joto lake hali moto umekwisha zimwa. Watoto wa shule wanaotusikiliza waijaribu kazi hii na mama zao, ni somo zuri la sayansi.

Mwaka 2024 Tanzania ilitangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya watu ifikapo mwaka 2034, na imekuwako mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Jambo hili ni jema na anayeipata fursa na aitumie. Lakini tumeingia nyumba ambamo mtungi umekwisha siku nyingi na umegeuzwa kigoda. Kupewa mtungi ni siku moja. Kuujaza ni kila mwezi. Anayetaka kumsaidia jirani na auulize mtungi huo kama umejaa.

Msidhani kuwa tunazungumza juu ya fedha peke yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano. Na makaa yana hatari isiyoonekana. Jiko likiingizwa chumbani wakati wa baridi au mvua, madirisha yakafungwa, hutoka hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Mtume (s.a.w.) aliposikia habari ya nyumba iliyowaunguza wenyewe usiku mjini Madina, alisema kuwa moto ni adui, na akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Likumbukeni hilo pia kwa mshumaa na kibatari, ambavyo ndivyo vinavyoshika nafasi pale uniti zinapokwisha.

Sayyidna Omar (r.a.) alitoka usiku pamoja na mtumishi wake Aslam wakaona moto mbali, wakamkuta mwanamke na watoto wanaolia, na chungu chenye maji matupu juu ya mafiga ili watoto wapumbazike mpaka walale. Omar akarudi mbio, akachukua unga na mafuta, akakataa kata kata Aslam asimbebee, akimwuliza kama atambebea mzigo wake Siku ya Kiyama. Kisha akapiga magoti, yeye mwenyewe, akawa anaupuliza moto. Aslam anasimulia kwamba aliuona moshi ukipita katikati ya ndevu zake, nazo zilikuwa ndevu nyingi. Hakuondoka mpaka watoto wameshiba na wamecheka.

Na sisi tulifanya nini? Siku ile mwalimu alipotujia tulikwenda kwa mama yule, tukamwomba radhi. Hakutulaumu, alitukaribisha chai, nayo ilipikwa kwa makuti makavu. Deni lake limelipwa katika fungu la wenye madeni, kwa idhini yake. Waya umerudishwa. Tumekaa na wapangaji na mwenye nyumba, naye amekubali kuweka mita ndogo sita kabla ya Ramadhani. Zulia limesubirishwa.

Msikitini tumezibadili taa zote za zamani, na bomba la birika lililokuwa likidondoka, likiifanya pampu ifanye kazi bure, limetengenezwa. Wenzetu wa Morocco wametutangulia mbali, maana mwaka 2016 walitangaza mpango wa kuifanyia matengenezo ya namna hii misikiti 600, ukiwamo ule mkongwe wa Koutoubia mjini Marrakesh, pamoja na nguvu za jua. Sisi tumeanza na taa na bomba.

Baada ya sala, watakaopenda kuchangia mfuko wa majirani watamkuta mzee wa kamati mlangoni upande wa kulia. Anayehitaji msaada asije mlangoni. Amwambie mwalimu wa chuoni au mkewe, faragha, na jina lake halitasomwa. Ama taa ya nje, upande wa birika, mhudumu ameambiwa aiache mpaka saa sita ya usiku, na mitihani ikikaribia mpaka alfajiri. Imewekwa na meza.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.